Tui la Dirishani

Kopo la tui ndilo lililoanzisha yote. Lilikuwa limepangwa kwenye rafu ya supamaketi moja barabara ya Miritini, kati ya nyanya za kopo na mafuta ya zeituni, na ubavuni limechorwa nazi iliyopasuliwa, nyeupe pe. Nikaligeuza nione limetoka wapi. Limetoka ng'ambo. Limepanda meli, limeteremshwa bandarini kwetu, limepita mbele ya watu wenye minazi yao, likapangwa rafuni ili tuje tulinunue. Nilisimama pale nimekasirika kama mtu aliyetukaniwa mama yake, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

Siku hizo nilikuwa na wakati mwingi wa kukasirika. Ofisi niliyokuwa nikifanya kazi, ya kutoa mizigo ya watu bandarini, ilikuwa imefungwa. Makontena yalianza kwenda bara kwa reli na kazi ikayafuata. Tajiri wetu alituita sote, akatushukuru kwa moyo mkunjufu, akatugawia soda, na mambo yakaishia hapo. Soda yenyewe haikuwa baridi.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ana duka la vifaa vya ujenzi Nairobi. Alipopata habari alipiga simu siku ileile. Kuna nafasi nyuma ya kaunta, alisema, na juu ya duka kuna chumba cha kulala. Mimi sikutaka. Sina ugomvi na Nairobi, lakini baba alishatangulia mbele ya haki, dada yangu ameolewa Lamu, na nyumba yetu ya Changamwe, nyuma ya matangi ya mafuta, ilikuwa imebaki na watu wawili tu, mimi na mama. Nikiondoka, mama angebaki kuzungumza na kuta. Isitoshe, mimi ni mtu wa kwetu. Napenda kuamka nikasikia malori yakihema kwenye mlima na muadhini akishindana nayo, na najua kabisa kwamba Nairobi wangenipa baridi na chai isiyo na iliki.

Tukakubaliana na mjomba hivi: nitafute la kufanya hapahapa nyumbani. Idi ikifika na sina biashara iliyosimama, napanda gari naenda kupima misumari. Mjomba si mtu wa kusahau ahadi, hasa ahadi za watu wengine.

Basi nilipoliona lile kopo nikajua nimeokoka. Nitauza tui bichi, la nazi zetu, lililokunwa na kukamuliwa asubuhi ileile. Watu wa pwani wanakula nazi kila siku ya Mungu, na kila nazi lazima mtu aketi juu ya mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma, aikune mpaka mkono umwume. Mimi nitawaondolea adha hiyo. Nitanunua mashine ya kukunia, nitaweka friza, nitauza kwenye vichupa. Sikuona pa kukosea.

Na sikukurupuka. Zamani kidogo nilihudhuria semina ya vijana ya mambo ya biashara, na mwalimu wetu alitukazania jambo moja: kabla hujajenga chochote, nenda kawaulize watakaonunua. Wengi, alisema, hujenga kwanza kisha wakaanza kutafuta wa kumuuzia. Nilijiambia mimi sitakuwa katika hao. Nikavaa shati safi, nikatoka kwenda kuuliza.

Nilianza na mtaa wetu, nyumba baada ya nyumba, kisha nikavuka hadi upande wa nyumba za wafanyakazi. Nilipokewa vizuri mno. Nilipewa kahawa, nilipewa tende, mahali pengine nilipewa chakula kizima. Nikimaliza salamu, nikaulizwa hali ya mama na ya dada na ya watoto wa dada, ndipo nikaeleza shauri langu na kuuliza: nikifungua, mtanunua? Wakasema mashallah. Wakasema jambo la kheri hilo, Mungu akutilie baraka. Wakasema inshallah tutakuja, kwani tutakwenda wapi. Jirani yetu wa ukuta mmoja, rafiki mkubwa wa mama, aliinua mikono akaniombea dua ndefu mpaka chai yangu ikapoa.

Msomaji wa pwani ameshaanza kucheka, najua. Kwetu mtu hakataliwi usoni. Ukimwalika mtu asiyeweza kuja hakwambii hatakuja, hukwambia inshallah, nawe unapika ukijua sahani yake haitahitajika. Kuna inshallah ya kweli na kuna inshallah ya kukusindikiza mlangoni, na mtoto wa kwetu hujifunza kuzitofautisha kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mimi mwenyewe hiyo ya pili nimeitumia kukwepa harusi nyingi. Lakini mtu aliyependa wazo lake huwa ametia pamba masikioni. Nilirudi nyumbani nimejaa inshallah za watu, nikaziona zote ni oda.

Mmoja tu ndiye aliyenikatalia. Tulikuwa na mpangaji chumba cha uani, kijana wa bara anayefanya kazi kituo cha reli pale Miritini. Nilipomuuliza, hakuniuliza hata hali ya mama.

"Zii, mimi siwezi nunua," alisema. "Sijui kupika na nazi. Mimi ni sukuma na mayai, basi."

Nilimwona hana adabu. Nikamwambia asante, nikaenda zangu kuwaza mambo ya vichupa.

Mama nilimuuliza mwisho, kwa sababu sikuona haja ya kumuuliza. Kwa samaki wake wa kupaka, mama alijulikana hadi Jomvu. Lakini miezi hiyo upishi wa nyumba yetu ulikuwa umebadilika ghafla. Nazi ilikuwa imetoweka jikoni. Daktari amemkataza, alisema, na tangu hapo ikawa ugali, maharagwe ya kuchemsha na chapati za kununua. Nilimtania kwamba nyumba hii imehamia bara kabla yangu. Nilipomweleza habari ya tui akasema ni kheri, akarudi kuchambua maharagwe yake. Siku ya pili nilikuta amesogeza makochi ya sebuleni upande mmoja ili mashine na friza vipate pa kukaa, na dirisha la barabarani, ambalo miaka yote halikufunguliwa kwa sababu ya vumbi la malori, amelipangusa likang'aa.

Nilifungua katika mwezi wa mlisho, Ramadhani ikiwa karibu kuandama. Nilikuwa natoka alfajiri kwenda Kongowea kuchukua nazi, nakuna, nakamua, nachuja kwa kitambaa cheupe, nahakikisha sijapoteza hata tone. Tui la kwanza, la pili, yote nilitia pamoja, nikajaza vichupa, nikavipanga friza. Kufikia saa tatu dirisha liko wazi na mimi nimekaa ndani, nywele zimechanwa, nangoja inshallah zangu.

Hazikuja. Watu walipita, wakanisalimu, wakasifu. Mashallah, dirisha limependeza. Mashallah, vichupa vizuri. Mama mmoja aliyenipa chakula kizima siku ya kuuliza alisimama mbele yangu akazungumza habari ya mvua, ya bei ya sukari, ya mkwewe, akaniaga kwa dua na kwenda zake akiwa na nazi mbili nzima ndani ya kikapu. Nazi mbili, chini ya pua yangu. Baada ya juma hivi nikagundua kwamba baadhi ya wanawake wameanza kuvuka barabara wakikaribia kwetu, na barabara ile, kwa malori yale, hakuna anayeivuka bila sababu.

Mteja wa kweli nilikuwa naye mmoja, jirani yule wa dua ndefu. Kila siku hakukosa. Anakuja, anachukua vichupa vyake, anavitia ndani ya buibui na kuondoka haraka bila ya mazungumzo, jambo ambalo si kawaida yake. Nilimpenda mno siku hizo. Nikisali nilikuwa namtaja.

Kilichobaki friza sikujua nikipeleke wapi. Nilimpa mpangaji, akatia kwenye chai, akasema si mbaya. Nilimpelekea mama, na hapo ndipo niliumia. Maana mama alikuwa amerudia kupika nazi. Siku chache tu baada ya mimi kufungua, wali wa nazi ulirudi mezani, maharagwe yakarudi, samaki wa kupaka akarudi kwa shangwe. Daktari amemlegezea, alisema. Lakini nilipomletea kichupa changu alikisukuma kando kwa ncha ya kidole.

"Mimi na tui la mashine wapi na wapi," alisema. "Nakuna mwenyewe asubuhi wewe ukiwa sokoni."

Mama yangu mzazi hanunui, tena hataki hata la bure. Nilikula wali ule mtamu nikinung'unika rohoni, na nikaongeza sahani ya pili.

Ramadhani ikaandama. Nilijua ndiyo mwezi wangu, kwani futari ya pwani bila nazi ni nini? Dirisha nililifungua saa tatu kama kawaida na kulifunga adhuhuri, nilale kidogo kwa sababu ya njaa. Hakununua hata paka. Mjomba akapiga simu kututakia mfungo mwema, na katika kuagana akaniuliza, kwa upole, kama napenda kulala upande wa dirishani au wa ukutani, kwa maana chumba kinapakwa rangi. Nilimpa mama simu nikitumaini atanitetea. Akamwambia kaka yake chumba kipakwe rangi nyeupe, ndiyo isiyoleta joto. Alipokata simu akaniambia mtu hujaribu, ikishindikana hwenda kwengine, na Nairobi si mwisho wa dunia. Alisema hivyo huku akinipa mgongo, akikoroga sufuria. Nilitoka nikaketi uani nimevunjika moyo kabisa. Niliona mama amenichoka.

Mpangaji alinikuta hapo akitoka kazini. Nikamwaga yangu yote, nikamhesabia wote walioniahidi. Alisikiliza huku akivua viatu.

"Wewe umeuliza watu kama unawaalika arusi," alisema. "Nani atakataa? Usiwaulize kama watanunua. Waulize jana walikula nini, na nani alipika, na alipika aje. Hiyo hawawezi kukupa ya kukufurahisha, ilishafanyika."

Nilijua hata mimi, ukiniuliza kama nitakuja harusi, nitakudanganya kwa adabu. Ukiniuliza nilikula nini jana, nitakwambia kweli, tena nitakwambia na chumvi kama ilizidi.

Kesho yake nilitoka tena, mikono mitupu, sikutaja kabisa habari ya dirisha. Nilikuwa nauliza tu, baada ya salamu: jana mlifuturu nini? Wallahi sijawahi kuona swali linalofungua watu kama lile. Mwezi wa Ramadhani mtu amefunga, tumbo tupu, halafu umuulize habari ya chakula. Walinieleza mihogo, ndizi, mbaazi, tambi, waliniambia nani katika nyumba hapendi iliki na nani hula mpaka hawezi kusimama kwenda tarawehe. Nikauliza nazi ilikunwa saa ngapi. Alasiri, walisema wote, nani akune asubuhi ya mfungo kisha tui lishinde kutwa likichacha? Mimi wakati huo wa alasiri nilikuwa nimefunga dirisha nimelala chali.

Nikauliza na nani aliyekuna. Hapo mama mmoja kijana, aliyeolewa si zamani, alicheka akajifunika mdomo kwa mtandio. Mwenyewe hana mkono wa mbuzi, alisema, lakini anakaa na mama mkwe. Atatembeaje njiani na chupa ya tui, mawifi wamwone? Wataambiana kaka yao ameoa mtu wa kununua tui. Akikuna yeye vidole vinachubuka, lakini ni afadhali vichubuke. Nilimsikiliza nikakumbuka vile vichupa vyangu vya kung'aa, vinavyoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na kwamba nilivichagua kwa ajili hiyohiyo.

Nikabadilisha. Dirisha nikaanza kulifungua baada ya sala ya alasiri. Vichupa nikaviweka kando. Ukitaka tui njoo na bakuli lako, ulifunike juu kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, na njiani hakuna atakayejua umebeba tui au unampelekea jirani futari. Siku hizo kila mtu anapita na bakuli chini ya kawa. Walianza kuja, si wengi, wananong'ona oda zao kama watu wanaonunua magendo. Lakini wengi walikuja mara moja tu. Nikiwauliza tui lilikuwaje wananijibu mashallah, nami sasa mashallah nilikuwa nimeshaanza kuiogopa.

Nikaona nimuulize mteja wangu wa kila siku. Yeye hakuwahi kuacha, basi yeye ndiye anayejua uzuri wa tui langu. Nilimkuta jirani anaanua nguo.

"Shikamoo. Jana mlifuturu nini?"

"Marahaba mwanangu. Jana? Chapati na nyama ya kukaanga."

"Na juzi?"

"Sambusa na supu. Mume wangu nazi imemshinda siku hizi, yamchoma kifuani. Haingii kwangu tangu..." Akasita. Akakumbuka anazungumza na nani. Kisha akaanza kukunja shuka kwa bidii, shuka ileile, mara mbili, akaniambia mambo mengine mwanangu si ya kuuliza, mwezi mtukufu huu.

Nilisimama na ukuta wetu mbele yangu. Jana kwetu tulifuturu mihogo ya nazi. Juzi tulikula wali na samaki wa kupaka. Nikaingia ndani moja kwa moja hadi jikoni. Mama alikuwa amekwenda kutia udhu. Nyuma ya mlango mbuzi ilikuwa inaning'inia mahali pake, ile ambayo mama alisema anaikalia kila asubuhi nikiwa sokoni. Nikaishika. Meno yake yalikuwa na kutu, na kati ya meno buibui amejenga, ametulia, hana wasiwasi wa kusumbuliwa.

Sitaficha, nilikasirika. Wiki zote hizo nilijisifu moyoni kwamba ninaye mteja mmoja, kumbe mteja wangu ni mama yangu, anamtuma rafiki yake aninunulie kwa huruma, kama mtu anayemchezesha mtoto duka la mchanga. Alipotoka bafuni uso na mikono ikichuruzika maji alinikuta na mbuzi mkononi.

"Mama, kwa nini waninunulia kwa huruma?"

Aliitazama mbuzi, akanitazama mimi. Nilitegemea ataona haya. Mama hakuona haya hata kidogo.

"Huruma gani? Ndoo hapa, nisogelee," alisema. Akavuta kiti akaketi. Kisha akainua mkono wake wa kulia, ukafika usawa wa ziwa, ukasimama. Nilidhani anapumzika. "Hapa ndipo unapokomea. Haupandi zaidi ya hapa, na kusukuma mbele ndiyo hauwezi kabisa. Nywele nachana kwa kushoto. Mbuzi sijaikalia tangu ofisi yenu haijafungwa."

Nikaketi na mimi, juu ya debe la mchele, mbuzi mapajani. Nikamuuliza na yule daktari aliyemkataza nazi. Akasema daktari hakusema neno la nazi, daktari alisema la bega. Ila yeye mtu mzima, mwenye jina la samaki wa kupaka, angemwambia nani kwamba nazi imemshinda kukuna? Ikawa rahisi zaidi kusema amekatazwa. Kisha nikaja mimi na shauri langu la tui. Akasema usiku ule hakulala vizuri, kwa furaha.

"Sasa kwa nini hukunambia? Mimi ningekukunia kila siku."

"Ndiyo sababu sikukwambia," alisema. "Ningekwambia, ungekaa Changamwe kwa ajili ya bega langu. Mjomba wako angekuita usingekwenda, na ungezeeka hapa ukinikunia nazi. Mimi nataka ukae ukiwa na kazi. Huna kazi, nenda. Siku ile nilipokupa mgongo nilikuwa nalia, lakini nenda."

Nilitaka kumshika ule mkono nikaogopa kumuumiza. Nilichoweza ni kuuliza lile swali nililokuwa nikiwauliza watu wote wa mtaa isipokuwa yeye.

"Jana hii mihogo, uliipikaje?"

Akanikazia macho kuona kama natania. Alipoona sitanii akanyoosha mgongo, akanieleza kama fundi anayeulizwa kazi yake.

"Kwanza jua tui lako ni baya."

"Baya?"

"Baya. Si chachu, si chafu, nazi zako nzuri. Lakini watia la kwanza na la mwisho chupa moja. Nani alikufundisha? Mihogo yachemka kwa tui jepesi, hata wali, hata maharagwe. Kasimile, lile zito la mkamuo wa kwanza, hutiwa mwisho, moto umepunguzwa. Ukilitia mwanzo lakatika, chakula chafanya mafuta. Mimi nalimimina tui lako ndani ya bakuli, nalilaza kwenye friji mpaka zito lije juu, kisha naliteka kwa kijiko. Kazi ya saa nzima. Wenzangu hawana saa hiyo. Wamenunua mara moja, chakula kikaharibika, wakaona aibu kukwambia."

Nimekula chakula cha nazi tangu kuota meno ya utoto, na sikujua kwamba tui linaingia mara mbili. Siku zote nilikuwa upande wa sinia. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nimefunga, na mama akacheka, akalishika bega lake kwa sababu hata kucheka kunalitonesha.

Kesho yake niliweka sufuria mbili dirishani, moja ya kasimile, moja ya tui jepesi, kila moja na upawa wake. Alasiri ilipoadhiniwa, wa kwanza kuja alikuwa mama. Hakupitia ndani. Alivaa buibui, akatoka mlango wa uani, akazunguka nyumba nzima mpaka barabarani, akasimama mbele ya dirisha lake mwenyewe na mabakuli mawili yaliyofunikwa kawa, malori yakipita nyuma yake. Wanawake wawili waliokuwa wanasita upande wa pili wakamwona. Mama alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwao kwamba anataka kasimile mbali na jepesi mbali, mkono wake umechoka na mbuzi na yeye haoni haya. Nikamtekea. Nikataka kumrudishia pesa zake, akanitazama jicho moja tu nikazipokea.

Wale wawili wakavuka. Kabla ya magharibi sufuria zote mbili zilikuwa zinakwanguliwa, na yule mama kijana anayeishi na mama mkwe alikuja akiwa na huyo mama mkwe mwenyewe, kila mmoja na bakuli lake.

Mjomba alipiga simu siku za mwisho za mfungo. Chumba kimekauka rangi, alisema, nyeupe kama alivyotaka dada yake, na ameshaniwekea godoro. Mimi nilikuwa na upawa mkononi na watu dirishani, nikampa mama simu. Aliipokea kwa mkono wa kushoto.

"Kaka, huyu haji," alisema. Akasikiliza. Mjomba alikuwa anasema mengi. "La, hakai kwa ajili yangu. Mimi ni mteja tu."

Akasikiliza tena kidogo, akamwombea mfungo mwema, akakata. Kisha akaniambia nisogeze sufuria ya kasimile kivulini, jua limeanza kuingia dirishani.